Paka wa Mkwe na Mimba ya Fromaji

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe. Aliyenivua ni paka. Tena si mmoja, ni wawili, na walisaidiana.

Nawaandikia nikiwa nimejifungia dukani. Kuna mtu nje anagonga mlango, anataka misumari ya mabati. Agonge. Leo siuzi hata msumari mmoja.

Kwa wale msionifahamu vizuri: mimi ni Kambale, mtoto wa Butembo, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mushaki, kwenye milima ya Masisi huku Kongo. Biashara ndiyo iliyonileta Masisi, msichana ndiye aliyenibakiza. Msichana anaitwa Solange, kwao ni Karuba, na baba yake ni Papa Bauma, mfugaji. Siwaambii ana ng'ombe wangapi, maana huko kwao kuhesabu ng'ombe wa mtu ni kumtafutia balaa. Jueni tu kwamba ukifika kwake, wanaokupokea ni ng'ombe. Yeye anafuata nyuma yao.

Nilipokwenda kujitambulisha mara ya kwanza, alinitazama viatu, akanitazama mikono, kisha akauliza:

"Baba yako iko na ng'ombe?"

"Hapana, Papa. Siye tuko na magazini. Tunauzisha mabati."

"Mabati inazalaka?"

Nikakiri kwamba mabati hayazai.

"Basi," akasema, akaanza kusafisha meno kwa kijiti.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe wana desturi yao. Mtu akitaka kukujua, anakukabidhi ng'ombe jike. Unamtunza. Akizaa, ndama wa kwanza anarudi kwa mwenyewe, wanaofuata ni wako, na tangu siku hiyo nyinyi ni watu wa nyumba moja. Lakini mimi ng'ombe ningemweka wapi? Juu ya magunia ya saruji? Papa Bauma alifikiri sana, akaingia jikoni, akatoka na paka mkononi. Jike la kijivu, lenye mistari, tumbo limeshuka.

"Shika. Iko na mimba. Ikizala, mutoto wa kwanza njo wangu, ile ingine njo zako. Mambo ya Solange tutaongea nyuma ya paka kuzala."

Mmesikia hiyo? Baada ya paka kuzaa! Ndoa yangu ilikuwa imebebwa tumboni mwa paka!

Nikashuka naye Mushaki kwa pikipiki, nimemfunika ndani ya koti, namwambia dereva kila penye shimo, "Kaka, pole pole, tuko na mama mwenye mimba." Dereva aligeuka nyuma mara nyingi kumtafuta huyo mama.

Nilimpa jina la Directrice, kama mwalimu mkuu mwanamke wa shule. Siku ya kwanza tu alizunguka duka zima, akanusa kila rafu, akapanda kaunta na kunitazama kama mtu aliyenikuta nimechelewa kazini.

Sasa, mimi sijawahi kulea mimba. Kwetu tulikuwa na mbwa, naye alikuwa dume. Nikaenda kwenye zahanati kumuuliza muuguzi mwenye mimba anahitaji nini. Akanieleza kwa upole: ale vizuri, apumzike, asibebe mizigo, na zaidi ya yote asisumbuliwe. Akauliza, "Mama iko na miaka ngapi?" Nikasema labda mitatu. Mazungumzo yakaishia hapo.

Nikaandaa wodi katika chumba cha nyuma. Nilitafuta katoni kubwa ya sabuni, nikatandika ndani sweta yangu ya sufu, ile ya kijivu ya kuvaa kanisani. Juu nikatundika chandarua, musikitere kama wanavyosema huku. Pembeni niliweka beseni jipya, pamba, uzi na wembe ambao haujafunguliwa. (Uzi wa nini? Msiniulize. Niliona wenye kujiandaa wanaweka uzi.) Kila asubuhi nilijaza thermos maji ya moto, yakipoa nanywea chai, nachemsha mengine. Chakula chake ni sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa kutoka ziwani, na kisahani cha maziwa. Mteja akipandisha sauti juu ya bei ya rangi, namwambia, "Polepole, kuna mwenye mimba humu."

Mtaa ukaanza kuniita Bwana ya Directrice. Nikaitika.

Aliyenicheka kuliko wote ni jirani yangu Mama Kavira. Ni mama wa kwetu, Mnande, mfanyabiashara wa fromaji, jibini letu la huku, na hapa Mushaki ndiye anayenisimamia kama mzazi. Zamani stoo yake ilikuwa kule kule Karuba, karibu na kwa Papa Bauma. Mwezi uliopita tu ndipo alipohamia huku, akashuka na mbao zake za kukaushia, fromaji zake, na dume lake la paka linaloitwa Kapita. Mkumbukeni huyo Kapita.

"Kambale," aliniambia alipoona chandarua, "paka inazalaka peke yake. Hata mu majani inazala."

"Mama, hii si paka tu. Hii njo bukwe, njo ndoa yangu."

"Haya. Basi uiitie na padiri."

Kila jioni Solange alinipigia simu. "Papa anauliza, paka iko namna gani?" Nami nasimama mlangoni, nachungulia kwa mbali (asisumbuliwe!), naona ndani ya chandarua kitu cha kijivu kimejikunja. Sahani ya sambaza, ninayoiacha karibu na mlango, tupu. Najibu kwa majivuno: "Mwambie Papa anakula kama mwenye mapacha. Sasa hivi amelala." Solange anasema, "Vraiment? Kweli?" Nami nasema, "Vraiment!"

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Papa Bauma na dada yake walikuwa waje kuiona nyumba ambayo mtoto wao ataishi, na kumwona mnyama.

Asubuhi nikavaa suti. Nikapaka viatu rangi. Nikaenda chumba cha nyuma kumwandaa Directrice kwa wageni, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikafunua chandarua. Nikapiga magoti. Nikasema kwa sauti ya chini, "Directrice, leo baba yako anakuja, usiniangushe." Nikanyoosha mkono nimpapase.

Nikapapasa sweta.

Sweta tupu! Imejikunja vilevile nilivyoitandika. Ndugu zangu, mimi nimekuwa nikitoa habari za afya ya sweta. Sweta imelala. Sweta inapumua. Sweta anakula kama mwenye mapacha.

Na kama aliyelala ni sweta, aliyekuwa anakula sambaza ni nani? Swali zuri. Mtu mwenye akili angelifuata. Mimi nilitazama dirisha lililoachwa wazi kidogo, nikatoka mbio.

Simu ikalia. Solange. Sikushika. Ningemwambia nini? Ikalia tena. Nikaiziba sauti na kuitia mfukoni, nikaisikia inatetemeka pajani kama kuku aliyefungwa miguu.

Nilitafuta nyuma ya duka, chini ya mabati, ndani ya shamba la viazi la mchungaji. Huku Masisi mvua haiombwi, na usiku ilikuwa imenyesha. Suti ikapata tope hadi magotini. Nikazunguka mtaa na sambaza mkononi, naita kwa sauti yote Mungu aliyonipa: "Directrice! Directrice! Njoo kwangu! Nimekuletea sambaza!"

Dirisha la shule ya msingi likafunguka. Akatokea directrice. Yule wa kweli, wa shule, na miwani yake.

"Papa," akasema, "sambaza ya nini?"

"Samahani, Mama. Si weye. Minatafuta ingine. Ile iko na mimba."

Akafunga dirisha taratibu sana. Nyuma ya dirisha darasa zima likaangua kicheko.

Nikauliza madereva wa pikipiki. Mmoja akasema alimwona paka wa kijivu, tumbo kubwa, anapanda njia ya Karuba. "Lakini ile ilikuwa siku ya soko," akasema. "Alikuwa anatembea kama muntu ile iko na randevu, banamungojea." Nikamwambia huyo si wangu, wangu anakula hapa nyumbani kila siku. (Msiniangalie hivyo.)

Nikarudi nimechoka. Mama Kavira alikuwa jikoni kwangu anapika kuku wa wageni, sombe, yale majani ya muhogo, iko motoni, chai ya maziwa iko tayari. Na hapo, mbele ya macho yangu, kwenye dirisha la chumba cha nyuma, akatokea Kapita. Anatoka ndani. Anajilamba mdomo.

Hapo ndipo nilipaswa kuelewa. Sikuelewa. Nilichokiona ni hiki: paka wa kijivu, mwenye mistari, na tumbo linaloburuta chini kwa sababu ya maganda ya fromaji na (sasa najua) sambaza wangu wote. Tofauti yake na Directrice ni sikio la kushoto, ambalo ni jeupe kama chokaa. Kulikuwa na tofauti nyingine, lakini hiyo iko nyuma, chini ya mkia. Nikajiuliza, nani ataangalia huko?

"Mama, unikopeshe Kapita."

"Ya kufanya nini?"

"Akuwe Directrice. Kidogo tu, mupaka bageni barudi."

Mama Kavira aliweka mwiko chini. Akatikisa kichwa. "Kambale, miye sikusikia. Na ile paka, miye sijawai kuiona." Akarudi kwa kuku wake. Nilidhani anatania.

Nikakwangua masizi ya sufuria, nikachanganya na mawese, nikampaka Kapita sikio. Muuza rangi ni muuza rangi, kazi ilitoka safi, mkono mmoja tu, bila matone. Nikamlaza juu ya sweta, nikamwekea kipande cha fromaji ili atulie, nikashusha chandarua, nikafunga dirisha na pazia. Ndani kukawa na giza la heshima.

Pikipiki zikapiga honi.

Papa Bauma alishuka amevaa kabuti lake refu na mabuti ya mvua. Dada yake, Tante Faida, alishuka na kikapu chenye kifuniko, kimefungwa kitenge juu. Nikakimbilia kumpokea.

"Achana nayo," akasema. "Hii haishikwe na kila muntu."

Nikajua ni mashanza, maziwa yao ya kuganda. Tante Faida akakaa, akakipakata kikapu mapajani, akaomba tuanze kwa sala. Ni sala ndefu. Alimshukuru Mungu kwa safari, kwa milima, kwa ng'ombe, kwa kila kiumbe kinachojua njia ya kurudi kwao. Katikati ya sala nikasikia sauti nyembamba: "Mii."

Nikafungua jicho moja. Papa Bauma naye alikuwa amefungua la kwake. Alikuwa ananitazama mimi.

"Amina," tukasema.

"Sasa weye ya misumari," akaanza Papa Bauma. (Hajawahi kuniita jina. Tangu siku ya kwanza mimi ni "weye ya misumari".) "Ile paka yangu, iko?"

"Iko, Papa!"

"Inakula?"

"Sana!"

"Na jana ilikula?"

"Jana alimaliza sahani muzima ya sambaza, Papa." Huo ulikuwa ukweli mtupu. Kuna mtu aliyemaliza.

"Na leo asubui uliiona na macho yako?"

Hapo, ndugu zangu, aliniachia mlango wazi. Sasa hivi nauona mlango ule, mpana, lori linapita. Ningesema tu, "Papa, paka amepotea, nisamehe." Badala yake nikasema, "Nilimuona, Papa. Alikuwa analala. Anapumua muzuri."

"Anapumua," akarudia Papa Bauma, akamgeukia dada yake. "Umesikia? Anapumua."

"Mii," ikalia tena ile sauti. "Mii, mii."

"Iko inalia, ao?" akauliza Papa Bauma.

"Njo yeye, Papa! Iko mu chumba." Nikaonyesha mlango wa nyuma kwa mkono mzima.

"Sauti kidogo vile? Kwangu ilikuwaka na sauti mukubwa."

"Mimba ikisha karibia, Papa," nikasema, na sijui maneno haya yalitoka wapi, "sauti inakuwaka nyembamba."

Tante Faida alijifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakaanza kutetemeka. Nikafikiri amepaliwa. Nikamletea maji!

Papa Bauma akasimama. "Twende tuione."

"Papa, muuguzi alisema asisumbuliwe..."

"Miye nimezalisha ng'ombe mu mvua, mu giza, mukono mpaka hapa," akashika bega lake. "Paka njo itanizuwia?"

Tukaingia wote. Mimi mbele, Papa Bauma, Tante Faida na kikapu chake, na Mama Kavira nyuma akifuta mikono kwa aproni. Nikafunua chandarua kidogo, upande wa kichwa. Kapita alikuwa amelala kwa utukufu, macho nusu, kama mfalme aliyetoka kula.

"Munaona?" nikanong'ona. "Amechoka."

Kosa langu lilikuwa hili. Mimi nauza bati: bati unalitazama upande mmoja, upande wa pili ni uleule. Wafugaji hawatazami hivyo. Kule Karuba hata umwonyeshe mtu ndama wa jana, hatamtazama usoni. Anazunguka nyuma. Ndiyo salamu yao kwa mnyama.

Papa Bauma akainama. Kwanza akapitisha mkono chini ya tumbo, akabonyeza kwa vidole, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza redio.

"Tante," akasema, "hapa akuna mutoto. Hii ni mimba ya fromaji."

Halafu akainua mkia.

Nikasikia sombe ikichemka jikoni.

"Tante Faida, kuya uone. Macho yangu imezeeka."

Tante Faida akaja, akainama, akatazama. Akatazama tena ili kuwa na hakika. Akajinyoosha, akaniambia kwa sauti ya huruma kabisa, "Eee, mutoto wangu. Hii mama iko na makende."

Nilitaka saruji yote ya dukani imwagwe juu yangu.

Lakini Papa Bauma hakuwa amemaliza. Alimpapasa Kapita kichwa, kwa upole, akalisugua lile sikio la kushoto kati ya vidole. Akainua kiganja kwenye mwanga wa mlango. Cheusi.

"Na inatokaka rangi," akasema. "Weye ya misumari, unauzisha hii rangi? Usiniuzishie."

Sikio likabaki nusu jeusi, nusu jeupe. Papa Bauma akalitazama, akatazama juu. "Ile sikio minaijua. Mama Kavira, hii si Kapita yako? Ile ilikuwaka inalala ku mulango ya magazini yako kule Karuba?"

Nikamgeukia Mama Kavira kwa macho ya mtoto anayezama. Mama wa kwetu! Mama wa Butembo!

"Miye?" akasema Mama Kavira. "Apana. Ile paka siijue."

Kapita akaamka, akajinyoosha, akashuka kwenye katoni na kwenda moja kwa moja kujisugua kwenye miguu ya Mama Kavira, akikoroma kwa furaha. Mama Kavira akatazama dari. "Ni paka za siku hizi," akasema. "Zinazoeya batu mbio mbio."

Tante Faida hakuweza tena. Akakaa chini kwenye saruji, akacheka mpaka machozi, na akacheka huku anafungua kitenge cha kikapu.

Ndani alikuwa Directrice.

Amelala kwenye kipande cha blanketi, mwembamba, safi, na watoto wanamnyonya. Akainua kichwa na kunitazama kwa lile jicho lake la siku ya kwanza. Nimechelewa kazini. Sana.

"Hii paka," akasema Papa Bauma, na sasa hakuwa anacheka, "ilirudi kwangu siku ya soko. Na miguu yake. Ilizala mu kofia yangu ya kwendea kanisa. Miye nikasema, huyu kijana atapanda. Atakuya kuniambia, 'Papa, paka imepotea.' Nikangojea. Kila mangaribi namwambia Solange, uliza. Kila mangaribi anasema, 'Papa, anasema inakula, inalala.' Kwetu, ng'ombe ya muntu ikikufa mu mikono yako, unaleta ngozi. Ikipotea, unaleta kamba. Unasimama ku mulango ya lupango ya mwenyewe na kamba mu mukono, unasema mbele ya kusalimia. Akuna muntu anakuchapa. Muntu ile analeta kamba, unamupatiaka ingine."

Nikainamisha kichwa. Hapo sikuwa na mzaha hata wa dawa. Niliona Solange anaondoka na kikapu kile kile, njia ya Karuba, na mimi nabaki na wembe wangu na uzi wangu. Niliumia, nawaambia wazi, niliumia kifuani.

"Papa, nilikuwa na woga," nikasema. "Niliogopa utasema, kama nimeshindwa paka, nitaweza namna gani mutoto yako. Sikujua ile nilikuwa naona ni sweta. Lakini leo nilijua. Leo nimekudanganya. Unisamehe."

"Sweta?" akauliza Papa Bauma.

Nikamwonyesha sweta. Nikaeleza kila kitu: chandarua, thermos, muuguzi, jinsi nilivyokuwa nachungulia kwa mbali ili asisumbuliwe. Nikaeleza na ya directrice wa shule. Papa Bauma akashika beseni jipya, akaliweka. Akashika wembe. Akashika uzi.

"Uzi ya nini?"

"Sijui, Papa."

Mdomo wake ukaanza kucheza pembeni. Na huenda ingeishia vizuri hapo, ila Tante Faida alinyanyua mtoto mmoja wa paka kumkagua kwenye mwanga. Kijivu. Mistari. Sikio la kushoto jeupe.

Akanyanyua wa pili. Sikio la kushoto jeupe.

Wote tukageuka, polepole, kumtazama Kapita.

"Kumbe!" akasema Papa Bauma. "Donc ni huyu!"

Akarudi sebuleni, akakaa, akatutaka tukae. Kesi imefunguliwa, jamani. Akasema paka wake alipata mimba akiwa bado kwake, chini ya paa lake, na hakuna aliyekuja kujitambulisha. Na desturi inajulikana: mwanamume akimpa mtoto wa watu mimba kabla ya kutoa mahari, familia yake inakuja kwanza kulipa faini, ndipo mengine yaongelewe.

"Familia ya huyu Kapita njo nani?"

Nikamtazama Mama Kavira. Mama Kavira akanyanyua mikono yote miwili. "Nilisha sema. Ile paka siijue."

"Basi," akasema Papa Bauma, "njo huyu ya misumari alimutoa mbele yetu. Yeye njo alimulisha, yeye njo alimuvalisha, hata rangi alimupaka. Njo muntu yake."

Tante Faida akapiga makofi mara moja, kama karani wa mahakama. Nikajikuta nimekuwa baba wa bwana harusi.

Hukumu ni hii. Jumapili ijayo, baada ya ibada, napanda Karuba. Namleta Kapita, ameoshwa masizi. Naleta kuku mmoja wa faini kwa ajili ya Directrice, na kofia mpya badala ya ile ya kanisani. Na naleta kamba. Nitasimama nayo mlangoni kwa lupango, yaani ua wake, mbele ya watu, niseme nilichotakiwa kusema siku ya soko.

"Na ya Solange, Papa?" nikauliza, sauti nyembamba kama ya mimba iliyokaribia.

"Ya Solange tutaongea nyuma ya paka kuoana."

Wakala kuku. Wakashiba. (Kapita naye alipewa shingo.) Wakaondoka na kikapu, Tante Faida bado anacheka hadi pikipiki ilipokata kona.

Nikakumbuka simu. Nikampigia Solange.

"Nilikuita asubui yote!" akapiga kelele. "Papa alinikataza kukuambia, lakini leo nikasema apana, wacha anichape. Nilikuwa nataka kukuambia paka iko mu kikapu!"

"Nilifikiri unauliza kama inakula."

Akacheka mpaka mtandao ukakatika. Ukarudi, bado anacheka. Halafu akasema kitu ambacho ndicho kinanifanya niandike badala ya kurudi Butembo kwa miguu: "Papa amenipigia akiwa njiani. Anasema, 'Kambale iko mujinga, lakini muntu ile anatega musikitere ku paka, muke yake hatalala mu baridi.' Umesikia? Amesema Kambale. Hakusema ile ya misumari."

Nimesikia. Nimeirudia kichwani mara nyingi.

Sasa hivi Kapita amelala juu ya sweta yangu ya kanisani, sikio nusu jeusi, kwa sababu Mama Kavira amekataa kumpokea. Anasema hawezi kulala nyumba moja na paka asiyemjua.

Basi ombi langu ni moja: asinicheke mtu. Kwenye foleni ya kuoa, mimi niko nyuma ya paka.